Kontena la Mwanza kuhesabiwa siku sawa na la Kariakoo: hadi lini tutalipia umbali kwa dola?

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ninaagiza nyuzi za nyavu, maboya na vipuri vya injini za boti kutoka China, kisha naviuza kwa jumla kwa wenye maduka na wavuvi wa Kirumba, Igombe, Sengerema hadi Ukerewe. Kontena langu la mwisho lilivuka bahari salama, lakini fedha nilizodaiwa baada ya meli kufunga gati Dar es Salaam zimekula faida yote ya mzigo ule.

Kwa wasioifahamu biashara hii, kontena ni mali ya kampuni ya meli. Likishashushwa bandarini, kampuni inakupa siku kadhaa za bure, na zikiisha unaanza kutozwa kila siku kwa dola, tena kiwango kinapanda kadiri siku zinavyosogea. Huo ndio mtozo tunaouita dimareji. Ukilitoa kontena bandarini bado hujapona, kwa sababu kuna siku nyingine zinazohesabiwa mpaka ulirudishe likiwa tupu kwenye yadi yao, na yadi hiyo iko Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Kariakoo anashusha mzigo jioni na kesho yake kontena limerudi. Mimi lazima nilisafirishe zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, nisimame kwenye kila mizani, nishushe, kisha nimlipe mwenye lori nauli ya kurudisha boksi tupu njia ileile, na siku tulizopewa mimi na yule wa Kariakoo ni zilezile.

Ndiyo maana wengi wetu tunalazimika kulifungua kontena hukohuko Dar na kuhamishia mzigo kwenye semi, yaani lori la trela. Unalipa vibarua, unalipa ghala, na maboksi yaliyotoka kiwandani yakiwa yamefungwa vizuri yanafika Mwanza yamepasuka, mengine yamepungua, na hapo huna wa kumdai kwa kuwa lakiri, yaani kifungio cha muhuri cha kontena, ilikatwa mbele yako kwa ridhaa yako.

Linalonichoma zaidi ni hili. Mzigo wa transiti, yaani unaopita tu nchini kwenda nchi nyingine, tuseme Kigali, hupewa bandarini siku nyingi zaidi za kuhifadhiwa bure kuliko mzigo wa ndani ya nchi, na hoja inayotolewa ni kwamba safari yake ni ndefu. Hoja hiyo ni ya haki na siipingi hata kidogo. Lakini lori la Kigali na lori langu hufuata barabara moja kutoka Dar es Salaam hadi Tinde, na pale ndipo yanapoachana, moja likishika njia ya Kahama kuelekea mpaka wa Rusumo na langu likienda Shinyanga na Mwanza. Isaka, jirani zetu kabisa, kuna bandari kavu, yaani kituo cha mizigo ya bandari kilicho mbali na bahari, inayohudumia mizigo ya nchi za jirani kwa miaka mingi. Kwa nini basi umbali utambuliwe pale tu mzigo unapovuka mpaka, na usitambuliwe kwa Mtanzania wa Mwanza, Bukoba au Musoma? Bahati mbaya yetu ni kwamba tunaishi mbali na bahari ndani ya nchi yenye bahari.

Safari hii hata kuchelewa kwenyewe hakukutokana na mimi. Wakala wa meli alikosea uzito kwenye nyaraka zake, ikabidi zirekebishwe ndipo forodha waendelee, na siku zote za marekebisho hayo zikahesabiwa juu yangu. Nilipoandika barua kuomba siku hizo ziondolewe, nilijibiwa kwamba masharti yako nyuma ya hati ya shehena (bill of lading), ile hati ya usafirishaji inayotolewa na kampuni ya meli, na mwenye mzigo ameshayakubali kwa kuipokea. Kisha ankara ikaja ikiwa imepigiwa hesabu kwa dola na kugeuzwa shilingi kwa kiwango walichojipangia wenyewe, kilicho juu kuliko cha benki.

Lipo na suala la nauli ya meli na kodi. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi zinazotoka Asia kwenda Ulaya ziliacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wetu wa China haupiti Suez, unakatiza Bahari ya Hindi moja kwa moja, lakini safari za wenzetu ziliporefuka, meli na makontena vikawa adimu duniani kote na sisi tukapandishiwa nauli. Sasa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza ushuru juu ya thamani inayojumlisha bei ya bidhaa, bima na nauli ya meli. Chukua bidhaa ya ushuru wa asilimia 25, na nauli imepanda kwa dola 1,000. Ushuru unaongezeka dola 250, VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya dola 1,250 na kuleta dola 225 nyingine, hivyo dola 1,000 za vita ya watu wengine zimekuwa dola 1,475 mfukoni mwangu. Mwenye usajili wa VAT atarejesha sehemu yake, lakini mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa inambidi aipakie yote kwenye bei, na anayeilipa mwisho wa yote ni mvuvi wa dagaa.

Wanaochangia kontena moja na wenzao wawe macho na wauzaji wanaotaja nauli ndogo mno mpaka Dar. Nauli hiyo hufidiwa kwa ada zinazokusubiri hapa, na utazijua mzigo ukiwa umeshafika.

Ninachotaka ni siku za bure zipimwe kwa umbali wa mahali mzigo unakokwenda, na kampuni za meli ziwe na yadi ya kupokelea makontena matupu Mwanza au Isaka. Zaidi ya hapo, siku zinazopotea kwa kosa la wakala ziondolewe kwenye hesabu bila mwenye mzigo kupiga magoti. Wasimamizi wa sekta ya meli wana uwezo wa kuyasimamia haya bila kusubiri reli ya kisasa ya Isaka hadi Mwanza ikamilike.

Walio na ankara za aina hii kutoka kanda ya ziwa naomba waziweke hapa, wakificha majina na namba, tukiwa tunaandaa barua ya pamoja.