Fundi kaniuzia diski na memori kwa ujumbe uliopitwa na wakati! Mafundi wa Tanga, mnasoma nini kwenye skrini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nina steshenari hapa Ngamiani: fotokopi, kuprinti, na vijana wanaokuja kujaza fomu za mkopo wa chuo. Kompyuta sita za wateja zote zinapata intaneti kupitia mashine moja kuukuu iliyo chini ya kaunta, inaendeshwa na OpenBSD, mfumo endeshi kama vile Windows au Linux. Ikilala hiyo, duka zima limelala.

Jumanne umeme ulipepesa mara mbili tatu, mashine ikaganda. Foleni ilikuwa mpaka mlangoni, nikamwita fundi niliyesifiwa. Akafungua boksi likiwa linawaka, akakuta waya wa diski umelegea, akausukuma kwa kidole gumba mpaka ukakaa. Akabonyeza reseti. Mashine ikawaka vizuri, intaneti ikarudi, binti mmoja akaendelea na fomu yake pale pale alipoishia. Kazi ilikuwa imekwisha. Ningemlipa ujira wake tukaagana kwa heri.

Lakini akaandika dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo. Skrini ikajaa mistari ya wd0 (ndiyo diski) inayolalamikia CRC (hesabu ya kuhakiki data), na katikati yake vipande vya maneno yaliyokatika na herufi ambazo hazisomeki. Akatikisa kichwa. "Dada, diski hii ni maiti. Na hizo herufi mbovu maana yake memori nayo imeoza."

Akaibeba mashine. Siku mbili sikufungua, na dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa. Wale vijana walikwenda wapi sijui. Diski 125,000, memori 45,000, ufundi 30,000. Laki mbili nzima!

Kitu kimoja tu nilikikatalia: vifaa vya zamani nilivibakiza. Usiku nikaichomeka ile diski "maiti" kwenye kompyuta nyingine nikaisoma yote kwa amri ya dd, mwanzo hadi mwisho. Haikutoa kosa hata moja. Memori nikaipima kwa Memtest86+, programu ya kupimia memori, mpaka asubuhi. Nzima. Ndipo nikarudi kwenye picha ya skrini niliyoipiga kwa simu siku ile, nikaona kilichonifanya nitetemeke kwa hasira.

OpenBSD kila inapowaka, keneli (kiini cha mfumo) huanza na mstari wenye jina lake, toleo na tarehe iliyotengenezwa. Kwenye picha yangu mistari ya namna hiyo ni miwili. Makosa yote ya wd0, na uchafu wote wa herufi, viko juu ya ule wa pili. Chini yake, yaani baada ya waya kusukumwa na reseti kubonyezwa, hakuna kosa hata la dawa. Mtu amehukumu mashine iliyopona kwa malalamiko ya ilipokuwa inaumwa!

Kwa wasiojua: keneli huandika ujumbe wake kwenye kipande cha memori, bafa, na dmesg husoma bafa hiyo tu. Ukibonyeza reseti au ukitumia amri ya reboot, memori haikosi umeme, kwa hiyo yaliyoandikwa mwanzo yanaweza kubaki. OpenBSD ikiwaka ikaikuta alama yake ipo na ukubwa wa bafa ni uleule, haifuti, inaendelea kuandika chini yake. Imewekwa hivyo makusudi, ili mashine ikianguka uweze kuona ilisema nini kabla. Ila BIOS (programu ya ubao inayoamsha mashine) inapojipima inaweza kukanyaga sehemu ya memori hiyohiyo, na hapo ndipo maneno yanapoharibika. Hata ukichomoa waya wa umeme kwa sekunde chache tu, memori haifutiki papo hapo: biti nyingine zinageuka, nyingine zinabaki. Na msikimbilie faili la /var/run/dmesg.boot mkadhani ndiyo safi, ile ni nakala ya bafa ileile, na mabaki yake yanaingia humo.

Nimejaribu mwenyewe. Nikaiwasha upya kwa reboot, mistari ya jina la OpenBSD ikawa miwili. Nikaizima, nikachomoa umeme, nikakaa dakika tano, nikawasha: mstari mmoja, skrini safi. Dakika tano tu zingeniokolea laki mbili!

Na hata hiyo CRC alikuwa hajaielewa. CRC ya namna ile ni data iliyoharibikia njiani, kati ya diski na ubao. Unaanza na waya, na waya alikuwa ameshaurekebisha kwa mkono wake mwenyewe.

Wenye Linux, kwenu bafa huanza upya kila mnapowasha, na ya nyuma mnayaona kwa amri ya journalctl -b -1, kama mfumo wenu unayahifadhi kwenye diski. Lakini mwulizeni fundi anasoma ya lini kabla hamjatoa hela.

Nilimfuata dukani kwake na picha yangu. Hakuiangalia. "Dada, we kaa na fotokopi zako, usinifundishe kazi." Mbele ya wateja! Sikumtukana, nilimwambia nataka laki yangu na sabini ya vifaa, nimrudishie vyake. Ya ufundi abaki nayo, waya aliusukuma kweli. Nimempa mpaka Ijumaa.

Diski ya zamani iko hapa kaunta. Fundi yeyote wa Tanga anayebisha aje, nitaichomeka mbele yake aisome.