Nimemwaga maji ya rejeta yametoka lita 2 na nusu tu, mengine yako wapi?

kijana_wa_ligula
Wadau wa Mtwara habari za jioni. Nina Carina Ti, juzi natoka Masasi napanda Newala geji ya joto ikaanza kupanda na yenyewe, nikapaki pembeni mpaka ikapoa. Leo nikasema nibadilishe maji mwenyewe, nimefungua kikoki cha plastiki chini ya rejeta yakatoka maji ya kutu kama chai ya rangi, nimekinga nikapima lita 2 na nusu basi. Nasikia injini hii inachukua kama lita 5. Kulanti, ile dawa ya maji ya kupozea injini, ninayo ile nzito ya kuchanganya, maji ninayo ya kisima. Nijaze tu au?

mzee_wa_mikindani
Kulanti kutupa hela. Pikapu yangu inakunywa maji matupu miaka yote, Lindi naenda na kurudi.

gereji_ya_uani
Mzee shikamoo, ila hiyo kutu ya rangi ya chai ndo kazi ya maji matupu.

Kijana, mengine yamebaki kwenye bloku (mwili wa injini) na kwenye hita, kawaida hiyo. Maji ya kisima usiweke, angalia birika la nyumbani lile gamba jeupe chini, basi ndo hilo linaziba vinjia vya rejeta, na visima vyetu vya pwani vina chumvi juu. Tumia ya mvua uliyokinga safi au maji ya betri, yale ya kuongezea lakini, sio asidi!! Jaza, washa injini na hita mwisho kwenye moto, mfuniko wazi, subiri hozi ya juu ipate moto, iminyeminye hewa itoke mapovu utayaona, maji yakishuka ongeza. Zima, acha ipoe kabisa ndo umwage tena. Rudia mpaka yatoke meupe. Mara ya mwisho ukishamwaga kumbuka ndani bado kuna lita 2 na nusu za maji, kwahiyo weka kulanti nzito lita 2 na nusu bila kuichanganya, itajichanganya yenyewe humo nusu kwa nusu. Watu wengi wanakosea hapa, wanachanganya kwenye ndoo kwanza inaishia kuwa nyepesi.

Na ukija kumwaga kulanti siku nyingine usimwage uani, ina utamu, paka na mbuzi wanakunywa wanakufa.

kijana_wa_ligula
Nimeshamwaga mara 3 sasa meupe. Ila hozi ya juu inapata uvuguvugu dakika ileile nawasha, ni sawa?

gereji_ya_uani
Sio sawa. Themostati ipo kweli, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto? Ikiwepo hozi inakaa baridi kwanza halafu ghafla inakuwa ya moto, inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu.

mzee_wa_mikindani
Themostati ya nini na joto hili la Mtwara? Toa.

gereji_ya_uani
Mzee wangu hapo tunaua magari. Injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka inaziba na ile njia ya mkato ya maji, ukiitoa njia inabaki wazi, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mjini huoni kitu, unaona mlimani.

kijana_wa_ligula
Nimefungua. Tundu tupu. Fundi wangu nimempigia anasema aliitoa mwaka jana "kunisaidia". Kesho nanunua mpya na gasketi yake, kulanti nasubiri kwanza.

mzee_wa_mikindani
Ukipata duka lenye bei nzuri niambie.