Nikijigeuza kitandani dari inazunguka

Mama Saumu: Jamani, wiki ya pili sasa. Nikilalia upande wa kulia dari inazunguka kama sekunde 30, kisha inatulia. Presha iko sawa, malaria sina.

Fundi Tanga: Pole dada. Sikio linavuma? Ugonjwa wa Menière, wa sikio la ndani, huja na uziwi, na kizunguzungu chake huchukua dakika 20 au hata saa kadhaa.

Mama Saumu: Hapana, nasikia vizuri.

Bibi Rehema: Basi huenda vijiwe vya chokaa vya sikio la ndani vimehama. Mimi vilihama nilipoanguka na bodaboda. Daktari wa masikio alinilaza ghafla, kichwa kikining'inia, akatazama macho yangu yakichezacheza. Ndicho kipimo cha Dix-Hallpike. Palepale akanigeuza kichwa kwa hatua za Epley, za kurudisha vijiwe mahali pake, nikapona. Ila mwanangu, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, kimbilia hospitali!