Bahasha yangu ya sadaka imetikiswa kwenye maiki!!!

Kichuguu: Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa suti ya kung'aa, yule wa "sadaka iliyonona". Leo kachukua bahasha yangu, kaisogeza kwenye maiki, KAITIKISA. Kri kri kri. Spika zote! Halafu eti, "Bwana asifiwe, leo tumepata mpiga kayamba." Kanisa likaangua kicheko. Kuna kachanga kalikuwa kamelala, kakaamka, kakacheka, kakalala tena.

Ndiyo, zilikuwa sarafu. Mbili. Mjane wa Marko 12 naye alitia mbili, Yesu akawaita wanafunzi amsifu. Hakumwekea maiki! Mathayo 6 inataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Wangu umejulikana mpaka kwa mlinzi wa getini. Kaitikisa, jamani. Mara tatu.

Mzee wa Kona: Ungetia noti ingelia?

Kichuguu: Hujaelewa. KAITIKISA.

Dada Mkavu: Mjane alitoa vyote alivyokuwa navyo. Hiyo simu unayoandikia umeibakiza ya nini? 😂

Mzee wa Kona: Halafu 2 Wakorintho 9:7 inasema moyo wa ukunjufu. Wewe unatoa umenuna.

Kichuguu: Nilikunjuka vizuri tu mpaka alipotikisa!

Asiyelala: Afadhali wewe umesikika. Kwetu wanasoma majina ya waliotoa, mwisho "na wengineo". Miaka yote hii mimi ni wengineo.

Funguo Saba: Kila Jumapili Malaki 3:10, ile ya "leteni zaka kamili ghalani", hadi ukurasa umechakaa. Kumbukumbu 14 haifunguliwi, pale zaka ya mwaka wa 3 inapoliwa na wageni, yatima na wajane mpaka washibe.

Mzee wa Kona: Mlawi naye, yule mtumishi wa ibada, yumo mstari huohuo, usimruke.

Funguo Saba: Huyo alishashiba zamani.

Dada Mkavu: Tukiwa hapahapa, nani kabeba mwavuli wangu wa bluu ibada ya kwanza?

Asiyelala: Si uliutoa sadaka?

Dada Mkavu: Niliuegemeza mlangoni! Mwaka huu ni wa pili kupotea.

Kichuguu: Jamani, bahasha yangu...

Mzee wa Kona: Mwavuli wenyewe una mpini wa mbao?

Dada Mkavu: Ndiyo! Umepasuka kidogo kwa chini. Umeuona wapi?