Hadubini ya shaba njano ya marehemu babu: nisugue au niache?

Mjukuu_Kadutu: Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Niko Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, Kongo. Babu alikuwa muuguzi enzi za Wabelgiji, akitafuta vijidudu vya malale na malaria kwenye damu. Mwaka 1960 daktari wake alipoondoka, alimwachia hadubini (mikroskopi) yake. Juzi tumeitoa chini ya kitanda. Ni ya shaba njano, imechongwa jina la kiwanda cha Kijerumani, E. Leitz Wetzlar, nambari inaanza na 98 elfu. Sanduku la mbao lipo, na ndani makopo matatu madogo ya shaba, kila moja na lenzi yake: 3, 7 na 1/12. Vibao vya kioo vya kupakia damu vimebaki kumi na kimoja. Kimoja bado kina mwandiko wa babu.

Mama mdogo anataka kuisugua kwa limau na majivu ingae. Kuna mtu anataka lenzi peke yake, dola 40. Tena skrubu ya kupandisha mrija haizunguki. Nishaurini.

FundiSaa: Limau hapana, tafadhali! Ile rangi kama asali ni vanishi ya kiwandani. Ikitoka imetoka. Hata spiriti inaiyeyusha. Panguza kwa kitambaa laini, kikavu. Skrubu usiilazimishe, grisi ya zamani imeganda na meno yatakatika. Tone moja la mafuta ya cherehani, ngoja siku mbili, kisha jaribu kwa vidole viwili tu.

Mama_Labo: Mwanangu, hiyo 1/12 ndiyo tuliyotumia kwa damu. Inakuza karibu mara 100, nayo hufanya kazi ikiwa imegusa tone la mafuta. Angalia ncha yake: ukiona kitu cha manjano kama gundi, ni mafuta ya mwerezi yaliyokauka. Tia zailini (kiyeyusho cha maabara) kidogo kwenye karatasi ya lenzi, upanguse taratibu. Usiiloweke kamwe, maana vioo vya ndani vimeshikanishwa kwa utomvu wa mti na zailini itauyeyusha. Kioo cha chini kielekeze dirishani, kamwe si kwenye jua, utaharibu jicho. Na kile kibao cha babu usikioshe. Huenda damu aliyoipima bado ipo.

Mzee_wa_Ibanda: Leitz walifika nambari 100,000 mwaka 1907, na hiyo wakampa Robert Koch, yule daktari Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu. Yako basi iliitangulia hiyo kidogo. Usiuze lenzi! Hadubini bila lenzi zake ni nguzo tu. Itoe chini ya kitanda, hewa ya ziwa huotesha ukungu kwenye kioo. Tia sandukuni vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Mjukuu_Kadutu: Asanteni sana. Yule mtu nimemkatalia. Siku ya tatu skrubu imezunguka. Jana tumeweka gamba la sambaza, samaki mdogo wa ziwani, chini ya lenzi namba 3, likatokea na mistari myembamba kama nyuzi. Mama mdogo aliinama pale dirishani muda mrefu, kisha akaniambia nimletee na bawa la mbu.