Mafundi bodi na wauza spea za magari ya zamani, nikeli za Volkswagen ya mzee wangu mmezipeleka wapi?

Wakuu, salaam.

Nina hasira na leo nazitoa. Nimekaa wiki tatu nikisema zitapoa, hazijapoa. Moderata akiona uzi huu unafaa jukwaa lingine auhamishe, ila asiufute.

Gari ni Volkswagen Beetle, modeli ya 1966, usukani kulia. Mzee wangu aliinunua mkononi kwa mtu Iringa, akaishusha Tukuyu, akaiendesha mpaka miguu yake ilipokataa. Baada ya hapo ikakaa bandani miaka mingi. Mnaoijua Tukuyu mnajua mvua yake, chuma kule hakina maisha. Sakafu ilioza, chini ya betri kulikuwa na shimo la kupitisha kichwa, milango imekula kwa chini. Lakini nikeli za ubavuni, yaani ile mikanda myembamba ya urembo inayong'aa, zilikuwepo. Zote saba: moja ndefu ya kwenye boneti, mbili fupi za mbele ya milango, mbili za milango, na mbili za ubavu wa nyuma. Naziita nikeli kwa mazoea yetu, ila ni alumini iliyong'arishwa na kupigwa dawa kiwandani isichujuke. Zimekaa na gari hilo tangu lilipotoka kiwandani. Mzee alikuwa akizifuta kwa kitambaa kila Jumamosi jioni, na sisi watoto tulikuwa hatuna ruhusa ya kuzigusa.

Nikalipeleka gari gereji moja hapa Mbeya jiji. Sitaitaja. Makubaliano: sakafu, bodi, rangi. Nikapeleka na boksi, nikaandika kwa maka peni "VITU VYA VOLKSWAGEN, USITUPE". Nikamwambia fundi, kijana wangu, kila kinachotoka kwenye gari hili kiingie humu, hata skrubu iliyooza.

Kazi ya sakafu na rangi sina neno nayo, kijana anajua kuchomelea na mkono wake wa rangi ni mzuri. Ila nilipokwenda kuliangalia nikafungua boksi nikakuta taa, vitasa na bisibisi yake mwenyewe aliyoisahau. Nikauliza, nikeli ziko wapi?

"Zile bati za pembeni, mzee? Zilikuwa zimepindapinda, nikampa dogo wa skrepa. Wewe usiwe na wasiwasi, siku hizi kuna za kubandika, zinang'aa kuliko zile."

Alisema hivyo huku anakunywa chai. Hakuona kama kuna kitu kimetokea.

Jioni hiyohiyo nikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, yadi kwa yadi, mpaka giza. Yule dogo nilimpata, kijana mstaarabu, akanionyesha kabisa pale alipozipima. Alumini ya wiki ile ilikuwa imeshapakiwa na kuondoka. Nikeli saba za Beetle hazifiki hata kilo mbili, wakuu. Ndiyo bei yake hiyo, na pengine hivi sasa zimeshasubiwa sufuria.

Na hilo ni la kwanza tu.

Kioo cha mbele alikitoa kwa bisibisi. Wanaojua haya magari watanielewa. Raba ya kioo cha Beetle yenye nikeli ina mfereji kwa nje, na nikeli imekaa ndani ya mfereji huo. Ukitaka kuitoa salama unaichana raba ya zamani kwa wembe, mdomo wake wote kwa nje, kioo kinatoka, nikeli inabaki huru. Raba ni ya kutupa, nikeli ni ya kutunza. Yeye alifanya kinyume, aliichokoa nikeli ili aiokoe raba! Nimeishika mkononi: kila baada ya kama nchi nne kuna kovu la bisibisi, na kwenye kona imevunjika kama kiwiko. Zile klipu ndogo mbili zinazofunika maungio, juu na chini, hazijulikani zilipo. Kila moja ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba.

Halafu akaenda kununua raba mpya isiyo na mfereji. Raba hizo zipo za aina mbili, na yenye mfereji ndiyo ya gari lililotoka na nikeli. Nilipomwuliza akasema, "Mzee, maji hayapiti." Kweli hayapiti, lakini sikumpa gari anizuilie maji.

Na hata kuirudishia hakujua. Nikeli inaingizwa kwenye raba kioo kikiwa bado kiko mezani, si baada ya kukifunga kwenye gari. Raba inavalishwa kioo, nikeli inasukumwa taratibu kwenye mfereji, kamba inazungushwa kwenye mdomo wa ndani, maji ya sabuni, mmoja anasukuma kwa nje mwingine anavuta kamba kwa ndani. Ni kazi ya watu wawili na asubuhi moja. Aliyenifundisha mimi ni mzee mmoja Iringa aliyefanya kazi hii tangu ujana wake, na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja kuisomea.

Sasa njooni kwa muuza spea.

Nikampata mmoja Dar mtandaoni, ukurasa umejaa picha. Nikamwandikia: gari ni ya 1966, nahitaji seti ya nikeli za ubavu, vipande saba, na klipu zake. Nikamtumia picha za matundu ya bodi yanayoshika klipu hizo. Akajibu ndani ya dakika mbili: "Zipo mzee, zinaingia zote, Beetle ni Beetle." Nikatuma laki tatu na themanini. Mzigo ukaja kwa basi, nikaupokea stendi na kuufungulia palepale, kwa sababu moyo ulikuwa haukai.

Ni nyembamba.

Kuanzia modeli ya 1967 kiwanda kilipunguza upana wa nikeli za ubavuni, na matundu ya klipu yakawa madogo. Gari langu ni la mwaka mmoja kabla, lina nikeli pana na matundu makubwa. Klipu alizonitumia zinapita kwenye tundu na kudondokea ndani ya mlango. Nimezisikia zikidondoka kwa masikio yangu, ti, ti, ti. Ukiibandika nikeli hiyo kwa nguvu, matundu yanachungulia juu na chini yake.

Nikampigia. "Mzee, mzigo ukishatoka haurudi." Nikamweleza habari ya 1967. Akakata simu, na baadaye nikaona ameniblok.

"Beetle ni Beetle." Hii kauli naomba ife. Vioo vya modeli ya 1965 kwenda mbele ni vikubwa kuliko vya 1964, kwa hiyo raba ya 1964 haikai kwenye gari la 1965, hata uivute na matrekta mawili. Bampa na taa za mbele za modeli ya 1968 si za 1967. Za Brazil ndiyo balaa zaidi: kule waliendelea na vioo vidogo vya zamani miaka na miaka baada ya Ujerumani kuviacha, kwa hiyo unaweza kuuziwa raba imeandikwa miaka ya sabini na isiingie kwenye gari la Kijerumani la 1966. Na muuzaji atakuapia kwamba hiyo ndiyo yenyewe, kwa sababu ameona neno Beetle kwenye boksi.

Na mwaka haubahatishwi, wakuu, umeandikwa kwenye gari. Inua siti ya nyuma, tazama juu ya ule mgongo wa katikati wa sakafu, kuna namba ya chasisi. Kuanzia modeli ya 1965 ina tarakimu tisa: mbili za kwanza ni aina ya gari, ya tatu ni mwaka wa modeli. Yangu inaanza na 116. Hiyo 6 ndiyo 1966. Modeli yenyewe ilikuwa inaanza kutoka Agosti ya mwaka uliotangulia, ndiyo maana kadi inaweza kusema 1965 na gari likawa la modeli ya 1966. Ni swali moja tu, "mzee, namba ya chasisi inaanza na ngapi?" Muuza spea anayeshindwa kuuliza hilo anaokota hela za watu.

Naona mkuu mmoja hapo chini anasema "si uweke za kubandika, nani ataziangalia". Mkuu, nakujibu kwa heshima. Mzee wangu yupo hai, ana miaka themanini na nne. Jumapili ile nilipompeleka kuliona gari likiwa na rangi mpya, alilizunguka kwa fimbo yake polepole bila kusema neno. Akafika mlango wa kulia, akapitisha kidole kwenye mstari, akakiingiza kwenye tundu la kwanza, akaenda la pili, akaenda la tatu. Akaniuliza, "Chuma chake mmekiweka wapi?" Nikamwambia kiko kwa fundi kinanyooshwa. Nimemdanganya baba yangu kwa sababu ya kilo mbili za alumini. Kwa hiyo usiniambie nani ataziangalia.

Na tukiacha hayo ya nyumbani, za kubandika zinakaa juu ya matundu yaleyale. Gundi ikiachia upande mmoja maji yanaingia, yanakaa ndani ya mlango, na baada ya masika mawili unarudi kwa fundi kukata kutu. Mwingine ameshauri nizibe matundu kwa puti, ile dawa ya kujazia mashimo ya bodi kabla ya rangi. Matundu hayo sizibi.

Kwa wenye tatizo kama langu, haya ndiyo ninayoyafanya mwenyewe sasa hivi uani kwangu Uyole.

Nimepata tatu. Kuna mzee upande wa Njombe, Beetle yake imekufa kabisa, kuku wanatagia ndani, lakini nikeli ya boneti na mbili za milango zilikuwepo, na ni pana. Alitaka kunipa bure, nikakataa, tukaelewana bei. Kuzitoa nilitumia siku nzima: nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu upande wa ndani, nikaacha, kisha nikasukuma kila klipu kutoka ndani kwa kijiti. Sikuingiza kitu chochote cha chuma kati ya nikeli na bodi.

Kunyoosha: nimechonga kipande cha mninga kiingie ndani ya mgongo wa nikeli, kimekaa humo kama mguu kwenye soksi. Nalaza nikeli kifudifudi juu ya turubai iliyokunjwa, nagonga kipande hicho kwa nyundo ndogo, gonga kidogo, geuza, pitisha kidole, gonga tena. Ukigonga kwa nguvu alumini inatanuka, na ikishatanuka hairudi.

Ile dawa ya kiwandani ikiwa imechujuka kwa madoa, polishi ya Brasso haisaidii, unafuta mpaka mkono uume. Lazima itolewe kwanza. Nimetumia kostiki soda, hii ya watengeneza sabuni, kidogo tu kwenye maji mengi. Soda ndiyo inaingia kwenye maji, usimwage maji juu ya soda. Fanyia nje kwenye upepo, vaa glovu na miwani, kwa sababu inachemka na kutoa gesi. Dakika chache, toa, suuza kwa maji mengi. Usisahau kazi ukaenda kupokea simu, kwa sababu soda inakula na alumini yenyewe. Kisha msasa wa maji namba 400, 600, 1000, 2000, ndipo polishi. Itang'aa, lakini haina tena kinga yake, kwa hiyo kila baada ya muda uipake nta.

Klipu: nimekata ule mkanda wa chuma wa kufungia mizigo, nikaukunja kwa plaizi kwa kufuata klipu moja ya asili niliyoipata Njombe. Bila ile moja nisingeweza kitu. Chini ya kila klipu nimeweka duara la tyubu ya baiskeli lizuie maji. Nimemwagia mlango maji nusu saa, ndani pakavu.

Zimebaki nne: mbili fupi za mbele ya milango na mbili za ubavu wa nyuma. Ya nyuma kushoto kuna dereva wa lori ameniahidi kunitafutia Afrika Kusini. Kule Beetle zilikuwa zinaundwa Uitenhage mpaka 1979, na zao ni za usukani wa kulia kama zetu. Malori yanapita Tunduma kila siku, kwa hiyo sisi wa nyanda za juu tuko karibu na mzigo kuliko mtu wa Kariakoo. Nimempa dereva kadi ngumu niliyokata kwa upana wa nikeli yangu, aipachike ndani ya nikeli kabla hajatoa hela.

Fundi wangu wa gereji, najua unasoma humu. Sikudai pesa ya rangi, umeifanyia kazi. Nataka unitafutie zile klipu mbili za maungio ya kioo. Pekua sakafu ya gereji, pekua chini ya benchi, ung'oe hata mbao. Raba yenye mfereji nitanunua mwenyewe, na siku ya kukifunga kioo upya nitakuwepo nimesimama hapo.

Na wewe wa Dar, seti yako nyembamba iko kabatini kwangu, kamili kwenye boksi lake. Kuna mtu mwenye Beetle ya 1967 au 1968 anaihitaji. Mkuu kama ni wewe, njoo PM, nakupa kwa bei niliyonunulia, ila kwanza nitumie namba ya chasisi.

Wakuu wa Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Mbozi, Kyela: mwenye Beetle iliyokufa yenye nikeli pana naomba anijulishe kabla dogo wa skrepa hajapita. Hata ikiwa imepinda, hata ikiwa nusu. Usiinyooshe, usiisugue, izungushie gazeti, uifunge kwenye ubao mrefu isipinde njiani, uiweke kwenye basi la Mbeya. Nauli ya mzigo nalipa mimi nikiipokea.