Mtoto ameandikiwa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), mwenye uzoefu naombeni msaada

mama_wawili:
Habari zenu jamani, binti yangu ana miaka 9, tangu mwezi wa pili anazubaa ghafla, unamwita hasikii, sekunde 10 hivi halafu anaendelea na alichokuwa anafanya. Shuleni mwalimu alikua anamchapa akijua ni uzembe. Sasa daktari kaandika EEG alhamisi, na bibi yake anasema wanapiga watu shoti kichwani, mi usingizi sipati. Inauma? Na juzi tu kasukwa rasta, nifumue??

mtu_wa_vipimo:
Pole mama. Shoti hakuna kabisa, ile mashine haimwingizii umeme, inasoma tu ule umeme mdogo sana ambao ubongo wenyewe unatoa. Wanambandika vidude kama 21 hivi kichwani kwa jeli nzito, analala kitandani dakika 20 mpaka 40. Rasta fumua tu, vidude lazima viguse ngozi, usiku wa kuamkia kipimo muoshe na shampuu na usimpake mafuta. Katikati watamwambia apumue kwa nguvu kama dakika 3, pia wanamulika taa za kuwakawaka. Kwa huko kuzubaa unakosema, kupumua hivyo ndo mara nyingi kunaleta hiyo hali, kwahiyo akizubaa palepale usishtuke, ndo wanachokitafuta. Ila ana sikoseli? Kama anayo waambie mapema, hiyo ya kupumua hawatamfanyisha.

kaka_mtulivu:
Mi nina kifafa, EEG nimepiga mara 3. Ya kwanza ilitoka safi nikajiona nimepona nikaacha dawa, wiki mbili nikaanguka jikoni nikaungua mkono. Dada yangu, majibu safi sio kwamba hana kitu, inanasa kinachotokea dakika zile tu. Ya pili niliambiwa nikeshe ndo ikaonekana. Kama ana dawa usimuachishe mpaka daktari aseme, na aende ameshiba, njaa nayo inavuruga majibu. Akizubaa tena nyumbani mrekodi video kwa simu umwonyeshe daktari, mimi video ya mke wangu ilisaidia sana.

mama_wawili:
Mungu awabariki. Sikoseli hana, dawa hajaanza. Bibi yake nimemsomea hizi meseji katulia, jioni tunafumua wote. Kinachoniuma ni zile fimbo, kwa mwalimu naenda kesho asubuhi, majibu siyasubiri.